Kutoka Lubumbashi hadi jikoni kwa shangazi Léonie

Tangu nirudi, walimu wenzangu wa Kifaransa hapa Lubumbashi wananiuliza maswali yale yale: viza uliipataje, safari ilikula pesa ngapi, na hiyo nyumba ya likizo za utotoni za mwandishi Marcel Proust ina nini cha kumtoa mtu Katanga hadi mji mdogo wa Ufaransa. Wapo wanaotaka kwenda kweli. Nimeona niandike yote mahali pamoja, ya mfuko na ya moyo, maana mengi ya haya mimi niliyajua nikiwa tayari njiani.

Nyumba yenyewe iko Illiers-Combray, mkoa wa Eure-et-Loir, kama kilomita 25 kutoka Chartres. Ilikuwa ya Jules Amiot, mfanyabiashara wa vitambaa, na mkewe Élisabeth, dada yake Adrien Proust. Marcel, mtoto wa Adrien, aliletwa hapo likizo za Pasaka na za kiangazi alipokuwa mdogo, mpaka pumu ilipomfungia hewa ya mashambani. Miaka mingi baadaye nyumba hiyo, bustani yake, kanisa la jirani na mto wa pale vikageuka Combray, mji wa kwenye riwaya yake ndefu À la recherche du temps perdu, na jina la sehemu inayoifungua. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1913, na Marcel Proust alilipia uchapishaji kwa pesa zake baada ya wachapishaji kukikataa. Mwaka 1919 akapata Prix Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, kwa kitabu cha pili, akafa mwaka 1922 kabla vitabu vyote saba havijatoka. Mji zamani uliitwa Illiers peke yake. Mwaka 1971, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, ukaongezewa jina la kwenye riwaya.

Mimi nilikutana na Proust UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, kwenye fotokopi iliyofifia, na kwa muda mrefu nilimsoma kwa ajili ya mtihani tu. Sentensi zake ni ndefu. Ukizisoma kimya, ukifika katikati umeshasahau mwanzo. Kilichonifungulia mlango ni kusoma kwa sauti. Jioni nilikuwa nakaa na Mama uani, yeye anachambua majani ya sombe, mimi nasoma kurasa chache na kumtafsiria papo hapo. Mama haogopi hadithi ndefu, anachotaka ni kujua watu wanaishije. Shangazi Léonie, asiyeondoka kitandani na anayechungulia dirishani hadi ajue mbwa aliyepita ni wa nani, alimpokea mara moja. "Wa namna hiyo tunao hapa mtaani," alisema. Ila aliyemshika kabisa ni Françoise, mpishi wa nyumba: anayewapenda mabwana zake kwa roho yote, anayepika vizuri ajabu, na anayemwamuru msichana wa jikoni mwenye mimba amenye asparagasi kila siku kwa kuwa anajua harufu yake inamletea pumu, ili achoke aondoke. Nilipomaliza ukurasa huo Mama aliacha majani.

"Na ule mupishi, alikuwa analala wapi?"

Sikujua. Kitabu hakikai sana kwenye jambo hilo, na katika masomo yangu yote hakuna mwalimu aliyewahi kuliuliza. Mama alikuwa na sababu. Baba yake, nkambo wetu, alikuwa mpishi wa familia ya Wabelgiji wakati mji huu unaitwa Élisabethville. Alilala kwenye boyeri, chumba cha mtumishi nyuma kabisa ya lupango, kiwanja cha nyumba, na nkambo mwanamke na watoto walikuwa Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Baba wa kula naye mezani walimpata Jumapili mchana. Tangu jioni ile nilikuwa na hamu ya kuiona ile nyumba, na nilijua nitaanzia wapi nikifika.

Sasa viza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Liège, kwa hiyo niliomba viza kwa upande wa Ubelgiji. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na ukishapewa viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, unaruhusiwa kuvuka hadi Ufaransa bila karatasi nyingine. Ikiwa utakaa kwa ndugu Ubelgiji, usiandike kwamba unakwenda Ufaransa eti kwa sababu nyumba ya Proust iko huko. Andika ukweli wa kalenda yako, halafu eleza ziara ya Ufaransa kwa barua. Mwenyeji wako atasaini engagement de prise en charge, ahadi ya kukubebea gharama, kwenye komine yake, yaani ofisi ya manispaa, na ataonyesha hati za mshahara wake. Mwambie aanze mapema. Huko kwao pia kuna foleni na miadi, na Yaya alilazimika kuomba ruhusa kazini zaidi ya mara moja.

Upande wako wewe, wanachotaka kuona ni kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani. Nilipeleka barua ya likizo kutoka shule, karatasi za benki zinazoonyesha mshahara unaingia, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya parseli yetu, yaani kiwanja. Paspoti iwe na miezi mitatu zaidi baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakikukataa haurudishiwi. Unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari, na jibu linaweza kuchukua siku 15 au kufika 45. Tiketi ya ndege usiilipe kabla viza haijatoka. Wanachohitaji kwenye faili ni rizavesheni, na ofisi nyingi za safari zinakutengenezea kwa pesa kidogo.

Mtu mmoja hapa mjini, mwenye koti zuri na simu mbili, alidai dola 200 anipatie miadi ya haraka. Mwalimu mwenzangu alishampa za kwake, na hajaziona tena, wala miadi hakuipata. Watu hawa wanakaa karibu na kila ofisi yenye foleni, na wanamtambua mtu aliyekata tamaa kabla hajafungua mdomo. Miadi inaombwa kwa njia ya kawaida, kwa subira. Kama kompyuta inakushinda, mtafute kijana wa familia akusaidie.

Swali lililoniogopesha lilikuwa moja: kwa nini mwalimu wa Lubumbashi anataka kufika Illiers-Combray? Nilikuwa nimebeba barua ya mkuu wa shule inayosema kwamba nafundisha fasihi, pamoja na karatasi za masomo niliyoandaa kuhusu Combray. Nilieleza kwa utulivu, na mwanamke wa dirishani akanisikiliza. Lakini zile wiki za kungoja sizitakii mtu. Paspoti yako haiko mkononi, pesa zimekwenda, na kila jirani ameshajua unakwenda Ulaya. Waambie watu wachache. Ukikataliwa, aibu ya kueleza inauma kuliko hasara.

Kuhusu pesa nitasema wazi: sehemu kubwa ilitoka kwenye likelemba ya walimu, mchango wa kupeana kwa zamu, zamu yangu ilipofika, na Yaya aliongeza kwenye tiketi. Bila yeye nisingefika. Mshahara wa mwalimu hapa hauwezi kubeba safari hii peke yake, na sitaki mtu asome maneno yangu akadhani unaweza. Kama huna ndugu huko, tafuta kwanza mafunzo au mkutano unaolipiwa, halafu uongeze siku chache zako. Jambo jingine dogo: chunguza noti za dola unazopewa kabla ya kuondoka dirishani. Iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea hapa, na euro tunazinunua kwa hizo hizo dola.

Ndege ilipitia Addis-Ababa. Nilitua Ubelgiji mwisho wa Aprili nikiwa na sweta mbili, na hazikutosha. Baridi ya hapa Juni na Julai inatudanganya tukadhani tunaijua baridi.

Kutoka Bruxelles hadi Paris treni ya kasi inachukua chini ya saa moja na nusu, lakini bei yake hupanda kila siku inayopita, na ukinunua karibu na safari ni ghali mno. Mimi nilipanda basi, saa nne hivi, kwa bei ya chini sana. Treni za Chartres zinaondokea kituo cha Montparnasse. Ukishukia Gare du Nord, metro namba 4 inakufikisha Montparnasse bila kubadilisha. Kutoka hapo hadi Chartres ni kama saa moja na kidogo.

Nawasihi mlale Chartres, msilale Paris. Vyumba ni nafuu zaidi, na asubuhi mtakuwa karibu. Kuna na kanisa kuu la Chartres, lenye vioo vya karne ya 12 na ya 13, rangi ya buluu ambayo sijawahi kuiona mahali pengine. Niliingia nikitaka kukaa dakika chache tu, nikatoka wakati wanafunga.

Treni ya Chartres kwenda Illiers-Combray ni ndogo, haifiki nusu saa, na ni chache kwa siku. Kuna siku treni inabadilishwa na basi. Kwa hiyo kabla ya kupanda, jua utarudi na treni ipi, na uandike saa zake kwenye karatasi, simu inaweza kuzima. Nyumba nayo haifunguliwi kila siku, na saa zake hubadilika kwa msimu. Ilifungwa kwa muda mrefu kwa matengenezo, ikafunguliwa upya mwaka 2024. Andikia makumbusho mapema uulize siku, saa, na kama kuna ziara ya kuongozwa. Ukifika bila kuuliza unaweza kukuta geti limefungwa, na treni ya kurudi iko jioni. Beba chakula pia. Katika miji midogo ya Ufaransa maduka hufungwa mchana, na Jumapili karibu mji wote umelala.

Kutoka kituoni hadi nyumbani kwa Amiot ni dakika kama kumi kwa miguu. Mji ni mtulivu, nyumba za chini chini, kanisa la Saint-Jacques katikati, ambalo kwenye riwaya linaitwa Saint-Hilaire. Duka la keki linauza madeleine, keki ndogo ambayo kwenye kitabu ladha yake inamrudishia msimulizi Combray yote. Nilinunua, lakini sizo zilizonileta.

Nyumba iko kwenye barabara inayoitwa rue du Docteur-Proust. Daktari huyo si Marcel, ni baba yake. Adrien Proust alizaliwa hapo Illiers mwaka 1834, mtoto wa mwenye duka, akawa bingwa wa afya ya jamii aliyejulikana Ulaya nzima kwa vita dhidi ya kipindupindu. Alitetea cordon sanitaire, kizuizi cha mipakani cha kuuzuia ugonjwa usiingie. Nilisimama chini ya kibao hicho muda mrefu kuliko wageni wengine. Hapa kwetu wazo la namna hiyo lilichorwa ardhini: kati ya mji wa Wazungu na Cité ya Waafrika wakoloni waliacha ukanda mtupu, wakasema ni kwa ajili ya afya. Simlaumu daktari kwa yaliyofanywa Élisabethville na watu wengine baadaye. Lakini nkambo wangu aliuvuka ukanda ule kila Jumapili akienda kuwaona watoto wake, na usiku hakuruhusiwa kutembea upande wa Wazungu bila karatasi ya bwana wake. Nisingeweza kupita chini ya jina lile nisimkumbuke.

Wasomaji wa Combray wanajua kengele za geti la bustani: ya wageni inalia mara mbili kwa sauti ndogo ya dhahabu, na nyingine inapiga kelele ya chuma wa nyumbani wakiingia bila kugonga. Usiku ule ya wageni ilipolia kwa ajili ya jirani yao Bwana Swann, mtoto wa kwenye kitabu alijua mama yake hatapanda kumbusu. Nilikuwa nimewasomea wanafunzi wangu ukurasa huo mara nyingi kiasi kwamba pale getini mikono ilinitetemeka.

Ndani, jambo la kwanza linalokupata ni udogo. Ngazi ambayo mtoto anapanda kwa huzuni, na ambayo kwenye kitabu inachukua kurasa, unaimaliza kwa hatua chache. Bustani ambamo familia nzima inakaa jioni ni ua wa nyumba ya mji mdogo. Mama mmoja wa Kifaransa kwenye kundi letu alisema wazi kwamba amevunjika moyo. Mimi hapo ndipo nilipomheshimu mwandishi zaidi. Alipewa nyumba ya muuza vitambaa, ya kawaida kabisa, akaifanyia kazi hadi ikabeba vitabu saba. Ukienda unategemea kasri, utaumia. Nenda ukilinganisha: hapa alipanua, hapa aliondoa, hapa alihamisha. Kijiji cha Méréglise kiko kweli jirani, yeye akakiita Méséglise. Bustani ya mjomba Jules kando ya mto Loir, Pré Catelan, aliigeuza kuwa mali ya Swann. Ili uyaone haya lazima Combray iwe kichwani bado ya moto. Irudie mwezi ule ule wa safari, hiyo sehemu ya kwanza tu, inatosha.

Ghorofani kuna chumba cha mtoto na taa yake ya picha, ile iliyokuwa inamtupia ukutani Golo, mtu wa hekaya ya kale, na farasi wake. Kuna chumba cha shangazi, kitanda, dirisha la kuangalia barabarani, meza yenye vitu vya dawa na vya sala pamoja, na chupa ya maji ya Vichy. Fahamu kwamba vyumba hivi vimepangwa kwa kufuata kitabu. Élisabeth Amiot, shangazi wa kweli ambaye Léonie ametokana naye, alifariki mwaka 1886, na baadaye riwaya ndiyo iliyorudi nyumbani kupanga samani. Hilo halikuniudhi, ila ni vizuri kulijua kabla, ili usiguswe na chupa ukidhani ndiyo yenyewe. Mbele ya sahani ya madeleine watu walipiga picha sana. Mimi sikusikia kitu, na sikuwa na sababu ya kujilazimisha.

Jikoni ndiko nilikokaa. Ni chumba kidogo cha chini, na jiko la chuma la kupikia. Nilimwomba mwongozaji aniache hapo wakati wengine wanaendelea, akakubali. Niliangalia upana wa chumba nikahesabu miili: mpishi, msichana wa jikoni, mtu wa kuleta maji na kuku, wote humu, Julai, moto umewaka tangu asubuhi. Mlango mmoja tu wa kutolea moshi na joto. Nikaangalia umbali kutoka jikoni hadi meza ya kulia: hatua chache, lakini kila sahani ya yale maakuli ambayo Proust anayataja kwa furaha, moja baada ya nyingine, ilizitembea hatua hizo mikononi mwa mtu. Huyo mtu alikuwa na jina. Kwa Amiot mpishi aliitwa Ernestine Gallou, na wanaomchunguza Proust wanasema Françoise ameshonwa kutokana na wanawake kadhaa, Ernestine akiwa mmoja wao. Mwingine, wa miaka ya baadaye, ni Céleste Albaret, aliyemtumikia Proust Paris mpaka siku ya kifo. Céleste ndiye aliyekuwa akibandika vipande vya karatasi kwenye daftari, kimoja chini ya kingine, kurasa zilipojaa na mwandishi bado ana la kuongeza. Baada ya bwana wake kufa alikuja kuitunza nyumba ya Maurice Ravel huko Montfort-l'Amaury na kuwaongoza wageni. Mwaka 1973 kumbukumbu zake zikatoka kitabu. Nawaambia wanafunzi wangu wausome mkono wa Céleste pamoja na wa Proust.

Mwongozaji aliporudi nilimuuliza swali la Mama: mpishi alilala wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika nyumba za namna hii watumishi kwa kawaida walilala juu, chini ya paa, na akaongeza kuwa wageni wengi huuliza Marcel alilala wapi. Tukazungumza hadi kundi lililofuata likaingia. Nilimweleza kuhusu boyeri za Élisabethville. Hakuwa amesikia habari zake, akaandika neno hilo kwenye daftari yake. Ukiwa na swali lako, liulize. Usiogope kwamba ni dogo au kwamba lafudhi yako itachekwa. Wanaotunza nyumba hizi wamechoka kuulizwa kuhusu keki.

Mchana niliokuwa nao niliumalizia Pré Catelan, ambako maua meupe ya aubépine yalikuwa yanaanza tu. Mwezi Mei ndio wenyewe. Pasaka ikichelewa, panga karibu na hapo.

Niliporudi Lubumbashi nilimjibu Mama: juu, chini ya paa. Alifikiri, akasema, "Basi alikuwa ndani ya nyumba." Kwa mara ya kwanza akataja barabara ambako nkambo alifanya kazi. Nyumba ile bado ipo, upande wa katikati ya mji. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote bila kujua.

Kuingia huko kulikuwa kugumu kuliko Illiers, na hapa ndipo nina la kuwaambia hata wasiotaka kwenda Ulaya. Hapa kwetu mtu akija getini kusema babu yangu aliishi hapa, mwenye nyumba anasikia jambo moja tu: parseli. Kesi za parseli zimevunja familia nyingi, na hati zenye majina mawili hazikosekani. Usiende na karatasi mkononi, usiende na vijana watatu wanaopiga picha ukuta. Sisi tulimtuma kwanza mama wa parokia anayejuana na familia ile, aseme kwamba kuna mzee anataka kuona jiko ambako baba yake alipika, basi. Tulikwenda Jumamosi asubuhi, Mama na mimi peke yetu, tukiwa na lita ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, na matunda. Mama ndiye aliyezungumza. Alisema mapema, kabla hatujakaa: "Baba yangu alikuwa mupishi hapa, hakuwa mwenye nyumba." Nikaona mabega ya mwenye nyumba yakishuka.

Jiko limebadilishwa, vigae vipya, gesi. Mama alionyesha mahali ambapo jiko la kuni lilikuwa, na dirisha ambalo nkambo alimpitishia mkate wa jana siku alipoletwa mjini akiwa mtoto. Boyeri nyuma bado imesimama. Sasa ni stoo ya mifuko ya makala, yaani makaa. Nilipima kwa hatua zangu: urefu wa kitanda na nafasi ya kufungua mlango. Mwenye nyumba, aliyetupokea kwa wasiwasi, alileta viti akataka kusikia zaidi, na mwishoni aliita watoto wake waje wasikilize.

Yaliyosemwa siku hiyo nimeyarekodi kwa simu, na nashauri mfanye hivyo huku mtu akiwa amesimama mahali penyewe. Uani kwetu Mama alikuwa amenisimulia nkambo kwa sentensi tatu. Mbele ya dirisha lile alizungumza hadi simu ikajaa. Andikeni kwa Kiswahili kile kile anachosema, msikinyooshe. Kuna mfano wa kufuata. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa mji huu waliandikisha historia yao wenyewe kwa Kiswahili cha hapa, kazi zao, mishahara yao na mabwana zao, kwa mkono wa André Yav. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha pamoja na tafsiri, na kwenye intaneti inasomeka bure. Nimeiweka kwenye somo langu la mwaka huu, wiki inayofuata Combray. Pia watu wa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa chuo kikuu mwaka 2000 na ambamo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu amefanya kazi kubwa, wamekuwa wakikusanya kumbukumbu na vitu vya familia za mji huu. Kama una picha ya babu yako na aproni nyeupe, usiiache iliwe na mchwa.

Mama sasa ana orodha. Kuna shangazi yake huko Kipushi aliyekuwa mlezi wa watoto wa injinia, na mzee mmoja wa mtaa wa Katuba aliyeoshea vyombo nyumba jirani na ya nkambo. Huyo wa Katuba ni mgonjwa, kwa hiyo tunaanza naye, Jumamosi hii, na nimeshafuta picha za safari kwenye simu ili nafasi ipatikane.